Sentimita Kumi na Mbili za Mestra Atija

Machi 2021, mji uliposhambuliwa, karakana yetu ya Palma ilipoteza moldi zake zote, karatasi arobaini na sita za kukatia nguo, pamoja na kikapu cha viporo cha Mestra, yaani fundi wetu mkuu, Atija Suleimane, kilichokuwa na nguo tisa ambazo hakuwahi kuzimaliza. Mwenyewe anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na miwili na miezi tisa ya kazi. Hayo yamo kwenye majalada ya ofisi. Yaliyobaki nayaandika mimi, Verónica wa meza ya pili, kwa kuwa wenzangu wote wamenisukumia.

Alianza Februari 1993, karakana ikiwa na cherehani mbili za miguu na haina hata sanamu ya kuvalishia nguo. Akatandika sakafuni karatasi za mifuko ya saruji, akasimama, akanyoosha mikono, akaamuru apimwe yeye. Kifua 102. Tangu siku hiyo kila sare ya kike iliyotoka hapa ilianzia kwenye mwili wake: aliyemzidi aliongezewa, aliyempungukia alipunguziwa. Mimi nilikuja kutoka Mbau kufagia nyuzi, mkasi siujui. Akanifundisha kukata, na sharti likawa moja tu: ukikosea, sema kabla nguo haijashonwa.

Hapa kwetu Jumamosi, kuanzia saa nne, mashine ni za wafanyakazi, kila mtu atoe kiporo chake akimalize. Mestra alikuwa akikaa, anatoa blauzi yake, anatunga uzi. Kabla hajakanyaga pedali, mtu keshafika: Mestra, shingo hii imenishinda; Mestra, mkono huu umegeuka. Anarudisha blauzi kikapuni. Mwenzetu Fátima aliolewa akiwa amevaa gauni lililoshonwa kwa Jumamosi saba za Mestra. Ndiyo maana viporo vilifika tisa.

Tuliporudi kazini Oktoba 2022, yeye akitokea Nhica do Rovuma alikokimbilia na kukaa mwaka na nusu, tulikuta msumari wa kutundikia moldi mtupu. Tukaanza kusikitika. “Mnalilia makaratasi?” akasema. “Moldi si mimi hapa?” Akasimama katikati ya chumba kama zamani. Mwenzetu Neusa akapitisha utepe wa kupimia. Ulisoma 90. Neusa akaandika 90. Mestra hakuutazama utepe. Namba yake aliijua: 102.

Kazi ya kwanza ilikuwa sare sitini za wauguzi. Arobaini na moja zilirudi ndani ya gunia, vifungo havifiki. Osvaldo, mkataji wa meza ya kwanza, akamwambia wauguzi wamenenepa. “Alhamdulillahi,” akajibu Mestra, “kumbe kuna watu wanakula.” Tukacheka, kisha kila mmoja akajitafutia shughuli ya nje. Siku tatu alishona pamoja nasi vipande vya kuongeza ubavuni, huku akiwatania wauguzi hao kwa mbali. Siku ya nne, alipokwenda kusali adhuhuri, Osvaldo alikata moldi mpya. Aliongeza sentimita tatu kila robo, robo nne, jumla kumi na mbili. Akaitundika kwenye msumari uleule. Tangu hapo zimetoka nguo 1,140, na haijarudi hata moja.

Idi ya mwaka huu tulimpa kitambaa cha zambarau, mita nne, tukamwomba ajishonee gauni la kuagwa nalo. Tukapeana onyo: asitokee mtu wa kumpelekea shingo wala mkono. Jumamosi tatu mfululizo alishona cha kwake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Hakujipima. Alichukua moldi ya msumarini, aliyoamini ni mwili wake, akaifuata mpaka pindo.

Jumamosi iliyopita alilivaa mbele ya kioo. Mabega yakadondoka, ubavu ukajaa hewa. Alijitazama, akaigeukia moldi ukutani, kisha akauliza: “Tangu lini?” Tulikuwa watu sita mle ndani, na kila mmoja akainamia mashine yake. Akalikunja, akaliacha kikapuni, akaenda zake. Jumatatu alifika kwa wakati wake, akashona mashuka kutwa, salamu tu. Jana vilevile. Neusa amejaribu kumsogelea mara mbili na mara mbili amerudi na machozi.

Sasa nakujibu, Mestra, mbele ya wote. Tangu Oktoba 2022. Sentimita kumi na mbili uliziacha njiani, na sisi hatukuwa na ulimi wa kukuambia. Tulivunja sharti lako, nguo 1,140. Tusamehe. Lakini nami nina langu: miaka mitatu umetupima sote, umejua nani kapungua, nani ana mimba kabla mumewe hajajua, na hukumruhusu mtu akuzungushie utepe. Usitufanye tubebe kosa lote peke yetu.

Kwa mikono iliyotufundisha, ahsante. Mungu akupe afya, sahani iliyojaa, na Jumamosi ambazo hakuna wa kukunyang’anya.

Limebaki gauni. Wewe umesema Jumamosi hii utakuja kuagwa na kanga zako za kila siku, na hilo ndilo tusilolitaka. Gauni ni lako, halijaguswa. Halitakatwa hata uzi mmoja wa kitambaa: kitakachozidi nitakiingiza ndani ya mshono na kukiacha humohumo, ili mwili ukirudi tufumue tu. Mabega na ubavu ni kazi ya saa tatu. Ninachokosa ni kipimo cha leo, na safari hii Neusa atasoma utepe kwa sauti, nawe utautazama. Njoo mezani kwangu kesho Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, unijibu neno moja: tulipunguze, ndiyo au hapana?