Mama Mukasine Vénantie (1964–2025) na Dari Lake la Mbegu

Tarehe 11 Aprili 1964, siku ya ukungu na mvua nyembamba iliyonyesha toka asubuhi hadi jioni, Mama Mukasine Vénantie alizaliwa Ngungu, mtoto wa nne wa wakulima. Alisoma shule ya msingi hapohapo, akapata cheti mwaka 1977.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Papa Jean de Dieu. Walilima viazi na maharagi, wakajaliwa watoto watatu. Papa Jean de Dieu alifariki Mei 2018.

Mwaka uleule mbegu zote za maharagi zilioza kwenye sakafu ya udongo, na mjane akapanda za kuomba. Januari 2019 alianza kutengeneza nafasi iliyokaa bure chini ya bati. Alipitisha boriti sita za mikaratusi kutoka ukuta hadi ukuta, akapigilia mbao juu yake, akaacha upana wa vidole vitatu pembeni ili hewa ipite. Dirisha dogo alilitoboa juu ya ukuta, akalifunga kwa wavu ili panya wasiingie. Magunia mazito aliyaweka karibu na kuta, katikati akaacha njia, na ngazi ya kupandia akaiegemeza ukutani. Tangu hapo hakuna mbegu iliyooza.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2024. Miguu ilivimba, pumzi ikapungua, akalazwa mara mbili. Alifariki Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Tangu juzi, hapa kwenye kilio, Papa Rukara, kaka mkubwa wa marehemu Jean de Dieu, anawaambia wageni kwamba dari ndilo lililomuua, kwa kuwa mwanamke alipanda juu ya nyumba ya mumewe. Anataka libomolewe, na nyumba irudi kwake. Alituomba sisi ndugu za Mama Vénantie tusisome hapa habari ya dari. Tunaisoma. Kati ya dari na ugonjwa kuna karibu miaka sita. Daktari aliandika moyo, hakuandika ngazi.

Ameacha watoto Libérata, Jean-Luc na Muhawenimana, na wajukuu saba. Nyumba aliiacha kwa Libérata, kwa maandishi ya tarehe 2 Agosti, na mashahidi wawili wa kanisa wako hapa. Mungu ampe utulivu ambao wengine walimnyima.

Mtu asiyemjua amjue kwa siku hii: tarehe 16 Septemba 2019, wiki ya kupanda maharagi. Papa Rukara alimkuta darini.

«Shemeji, mwanamuke hapandake juu ya nyumba. Shuka.»

«Papa Rukara, mimi niko ndani. Bati njo iko juu.»

«Unacheka na mila?»

«Panya alikuwa anapanda kila siku. Hamukumukataza.»

Mama Vénantie alishuka ili amletee kiti. Papa Rukara akabeba ngazi, akaenda nayo. «Tutaona kama mbegu itateremuka yenyewe.»

Kesho yake asubuhi Mama Vénantie alipigilia vipande kumi vya mbao ukutani, akapanda, akateremsha maharagi ya shamba lake. Kisha akafika Mama Nicole, mke wa Papa Rukara, ambaye mbegu zake zilikuwa zimeoza, akaomba kidogo. Mama Vénantie alimwonyesha zile mbao.

«Dada, panda ujichagulie.»

Mama Nicole alivua viatu, akapanda. Mama Vénantie alimshikia kikapu hadi alipofika juu.