Jogoo na Ndege ya Toronto

Kijiwe cha Magomeni, hapa Kilosa, kina benchi la miguu mitatu na tofali, birika la Yusrah muuza kahawa, na watu wasiokubali kushindwa. Siku hiyo, kwenye mguu mmoja wa benchi alifungwa jogoo mwekundu wa Mzee Elikana. Binti yake Anitha alikuwa anarudi kutoka Toronto baada ya miaka saba, na mzee alikuwa amemwahidi kwamba akishuka kwenye treni, uso wa kwanza kuuona utakuwa wa baba yake. Tangu Anitha apande ndege jana, simu yake ilikuwa haipatikani. Mzee hakujua amchinje jogoo saa ngapi wala aondoke saa ngapi, akafanya kosa la kuwauliza wenzake.

— Mtandao unasema kilomita elfu kumi na mbili na ushee, alisema Goodluck, ambaye kijiweni ni Profesa. Ndege ikinyoosha moja kwa moja, masaa kumi na sita hivi.

— Hujaweka ngiri, alisema Donati. Huyu wanamwita Rubani, kwa kuwa aliwahi kufyeka majani kwenye uwanja wa ndege wa Mikumi.

— Ngiri gani?

— Pale Mikumi ndege haitui mpaka tufukuze ngiri. Yenyewe inazunguka juu, sisi tunakimbizana nao chini. Weka saa nzima ya ngiri.

— Toronto kuna ngiri, Rubani?

— Kila uwanja una mnyama wake. Mwenda pole hajikwai.

Elikana aliona ni upuuzi, ila Rubani ndiye pekee pale aliyewahi kugusa tairi la ndege. Akaongeza saa moja.

— Wazee wangu, mnasahau dunia inazunguka, alisema Profesa. Ndege inapanda tu, inatulia. Dar inakuja yenyewe chini yake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Na Nairobi ikitangulia kupita? aliuliza Donati.

— Mwendesha ndege anaikaushia, anajifanya haioni.

— Kama dunia inakuja yenyewe, aliuliza Yusrah huku akimimina, mbona masika nikienda Mikumi nalala njiani?

— Hayo ni matope, dada. Matope hayazunguki.

— Halafu ndege lazima ipite Ulaya, alisema Donati.

— Ulaya yetu hii, kijiji cha hapa Kilosa? alidakia Profesa. Masika hata baiskeli inakwama. Weka siku nzima.

Kwa hesabu hiyo, Anitha angetua kesho. Elikana akashusha pumzi, roho kwatu, akaagiza kikombe kingine.

Ndipo bodaboda ikasimama. Mwanamke akashuka na sanduku kubwa.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia wazee bila kugeuka, maana ubishi ulikuwa umenoga.

Elikana aliijua ile sauti kabla hajainua uso.

— Baba, nimekusubiri kituoni mpaka watu wote wameisha. Mbona hukuja?

Profesa akainamia simu. Rubani akatazama juu. Yusrah akatikisa birika, kumbe tupu. Mzee alianza kueleza habari za ngiri na dunia, akaishia kwenye ngiri. Aibu ilimshika, lakini furaha ilikuwa na nguvu kuliko aibu. Akamshika binti yake mikono yote miwili, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Anitha naye akashindwa kununa.

— Na huyu jogoo anafanya nini hapa?

— Huyu, mwanangu, alisema Elikana akifungua kamba, ndiye peke yake kijiweni aliyetaka uchelewe.