Punje ya Dengu Ndani ya Moyo

Nje ya chuo cha uuguzi pale mjini Tanta kuna benchi la Dasuki muuza kahawa, na benchi lina wenyewe: Wagdi, waliyempachika jina la Profesa, Nagat, anayeitwa Umeme kwa kuwa hatulii, na Fikri Bucha, mtoto wa muuza nyama. Asubuhi hiyo walingoja mtihani wa mdomo. Ambaye angeng'ara angepelekwa kujifunza kazi wodi ya moyo, mmoja tu. Profesa alijihesabia nafasi hiyo miaka miwili, mpaka Umeme alipohamia darasani kwao na walimu wakaanza kumsifu yeye. Wivu ulimwingia.

Umeme alikuwa amechora moyo kwenye kipande cha boksi, akisukuma juu yake punje ya dengu za kukaanga.

— Hii ndiyo damu iliyochoka. Inaingia chumba cha juu, kulia. Inashuka cha chini. Inakwenda mapafuni kuvuta hewa, inarudi juu kushoto, chini kushoto, halafu mwili mzima.

Alianzia upande wa kulia wa boksi. Profesa aliona. Moyo wa kwenye picha unakutazama kama mgonjwa aliyesimama mbele yako: kulia kwake ni kushoto kwako. Kosa hilo mtahini hakulisamehe kamwe. Profesa akapiga funda, akamwacha aendelee.

— Ndiyo maana wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, alisema Fikri.

— Methali hiyo imeingiaje hapo, we Bucha? aliuliza Umeme.

— Imeingia kulia, itatokea kushoto!

Dasuki akacheka, akauliza:

— Na nani anauamrisha upige?

— Ubongo!

— Acha zako, Fikri, alisema Umeme. Ubongo unauharakisha tu. Cheche ya kuupigisha inazaliwa humohumo, juu kulia. Inasambaa, inatua kidogo katikati ili vyumba vya chini vijae, ndipo inashuka navyo vinakamua.

— Kweli bwana! Moyo wa ng'ombe ulishawahi kuruka mkononi mwa baba. Ulikuwa unamkumbuka ndama.

— Wangu unatua hapo katikati kila mama mkwe akija, alisema Dasuki. Haraka haraka haina baraka.

Fikri akaidaka ile punje, akaitafuna.

— Umekula damu yangu!

Mama mmoja mwenye mfuko wa machungwa, aliyengoja saa ya kuona wagonjwa, akasogea.

— Wanangu, mume wangu yuko wodi ya moyo. Wanasema upande wa kulia ndio uliochoka. Ni upi hapo?

— Huu, mama, alisema Umeme.

Mama akaupapasa upande ule taratibu, kama anayembembeleza mtu. Profesa akashindwa kuvumilia.

— Siyo huo! Ni kulia kwa mgonjwa, Umeme, si kwako.

Umeme akaliegemeza boksi kifuani pake, picha ikitazama nje. Upande aliouita kulia ukaangukia kushoto kwake. Uso ukamshuka.

— Na nimeuchora hivi tangu asubuhi.

Mama akamgeukia Profesa.

— Wewe mwanangu, kama ulijua, mbona hukumwambia mwenzio?

Kengele ya mtihani ikalia. Umeme akafuta, akachora upya, akaondoka bila kumtazama Profesa. Profesa alijua cheche inapozaliwa, inapotua na inaposhukia. Swali la mama halikuwamo kitabuni. Akainua kikombe. Yalibaki mashapo tu.