Mzee Baridi na Salamu ya Boneti

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya magari ya uchimbaji visima, fundi mkuu wetu anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye karatasi ya mshahara wanalijua watu wa uhasibu. Sisi wengine tunamwita Mzee Baridi, na anayedhani jina hilo limetokana na upole hajawahi kumrudishia spana yenye grisi.

Jina limetokana na mkono wake. Mbali na kutengeneza, kazi yake kubwa ilikuwa kukagua magari ya dizeli yaliyotumika kabla ofisi haijayanunua, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne, maana visima havichimbwi kwenye lami. Akifika kwa muuzaji, kabla ya hujambo na habari za nyumbani, anaweka kiganja juu ya boneti. Akikuta ni ya moto, anarudisha mkono mfukoni na kuuliza benchi liko wapi. Injini ya dizeli iliyochoka, alitufundisha, ikishapashwa moto huficha aibu yake. Ukitaka kuijua, iamshe mwenyewe ikiwa baridi, uone kama inawaka mara moja au mpaka ibembelezwe, na moshi wake ni wa rangi gani.

Wakongwe tunaikumbuka siku ya gari jeupe. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa ameshalipenda, kama mtu anavyopenda mchumba kwa picha. Rangi iling'aa, viti vilinukia manukato, na muuzaji alikuwa ameliacha likiunguruma tangu asubuhi, eti tusipate taabu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza! Mzee Baridi alilizima, akakaa juu ya tairi bovu, akasubiri lipoe. Muuzaji akaleta soda. Mzee akanywa, akashukuru, akaendelea kukaa. Mkurugenzi alitazama saa yake mpaka akachoka kuitazama. Jua lilipoanza kuinama, Mzee akapiga stata. Lo! Gari likakohoa, likakohoa tena, kisha likatoa moshi wa buluu uliofunika ua mzima. Akafungua kifuniko cha kujazia oili na kukilaza juu ya tundu lake bila kukifunga, kikarukaruka kama cha sufuria ya maharage. Pumzi iliyotakiwa kusukuma pistoni ilikuwa inapotea juu. Muuzaji akasema ni hali ya hewa.

Kwenye kona ya ua ule kulikuwa na jingine, la kijani kilichopauka, mlango umebonyea. Hakuna aliyejisumbua kulipasha moto kwa sababu hakuna aliyetegemea kuliuza. Mzee akaligusa: baridi. Stata moja, likanguruma. Kifuniko kikatulia mahali pake kama kimegundishwa. Maji ya rejeta hayakuwa na utando wa mafuta; oili ilikuwa nyeusi, kama oili ya dizeli inavyokuwa, wala haikugeuka rangi ya maziwa. Akalipandisha mlima limejaa watu, mkurugenzi akiwemo amenuna, na moshi haukuzidi. Tukanunua hilo. Madereva wakalibatiza Shangazi, kwa sababu alikuja bila kujipamba, ana sauti kubwa, na akihitajika hakosi. Mshikeni akilini huyo Shangazi, maana mwaka huu Mzee Baridi nusura ampoteze.

Mwaka mmoja baada ya Shangazi kununuliwa, mke wa Mzee alishikwa na uchungu alfajiri moja ya mvua, barabara imekuwa uji. Magari mengine yaligoma. Shangazi aliwaka kwa stata moja, akawafikisha hospitali wote wawili, na kabla ya chai wakawa watatu. Binti aliyezaliwa asubuhi ile ameolewa majuzi tu. Siku wakwe walipokuja kujitambulisha, Mzee Baridi alitoka kuwapokea, akaupita mkono wa baba wa kijana uliokuwa umeshanyooshwa, akaenda kugusa boneti ya gari lao. Mama watoto nusura azirai! Wakwe walinuna, mpaka alipowaambia kwamba gari lao linakula oili. Siku chache baadaye walimletea alitengeneze, na undugu ukakolea.

Mimi, mtunza stoo wenu, nimegombana naye miaka yote hiyo kwa ajili ya matambara. Anachukua safi, harudishi chafu. Nimemsema, nimemnunia, nimemfungia mlango, na leo nikiangalia lile kabati lake tupu natamani angekuja kuniibia tena.

Sasa nirudi kwa Shangazi. Mwaka huu ofisi iliamua kuuza magari ya zamani, naye akiwemo. Sote tulijua Mzee anamtaka. Kiganja chake kilikaa kwenye ile boneti muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji. Utaratibu wetu ni mfupi: gari lililokufa injini huuzwa kama chuma chakavu, na anayestaafu hupewa nafasi ya kwanza. Lenye injini nzima huenda mnadani, na huko kuna watu wenye mifuko mirefu. Na nani anayesema injini imekufa au i hai? Fundi mkuu. Neno lake moja tu, na Shangazi angelala uani kwake. Hakuna ambaye angemhoji. Dereva mmoja alimnong'oneza hivyohivyo, na stoo nzima iliunga mkono.

Mzee alimwamsha Shangazi asubuhi, akiwa baridi, kama kawaida yake. Alikilaza kifuniko, akakitazama. Kisha alikwenda ofisini akasema injini ni nzima, ni bodi tu iliyozeeka. Aliporudi karakana aliosha mikono muda mrefu sana. Nilimpelekea tambara safi bila kuombwa, na sikumdai la zamani. Nililia, semeni mtakavyo.

Siku ya mnada hakwenda. Alisema mguu unamuuma, ingawa mguu wake ni mzima kuliko wangu. Jioni aliambiwa kwamba Shangazi amechukuliwa na mtu wa mbali, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga nati.

Mzee wetu, utusamehe, huo ulikuwa uongo. Waliomchukua ni madereva, wachimbaji, wahasibu na mwanamke mmoja wa stoo, kila mtu na alichojaliwa. Hata yule mkurugenzi wa zamani alichangia, akatuma salamu kwamba lile gari jeupe bado linamjia ndotoni.

Asante kwa kila barabara mbaya tuliyokwenda tukarudi. Asante kwa kukataa kutununulia mbuzi kwenye gunia. Nenda kapumzike na mama watoto, mkawasalimie wakwe, na kila asubuhi yako huko mbele iwake kwa stata moja.

Shangazi yuko nje ya mlango wa ukumbi huu. Hajawashwa tangu jana. Tumemsukuma kwa mikono kutoka karakana, tukampandisha kile kilima chote, hata wahasibu na viatu vyao vya kung'aa, ili umkute vile upendavyo. Toka kamguse, Mzee Baridi. Salamu zetu zitasubiri.