Ndugu Kalisti Kapele: Miaka Thelathini ya Kugombana na Kuta

Ifikapo Jumamosi, tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Kalisti Kapele, Mkaguzi wa Majengo, atakuwa ametimiza miaka thelathini na miezi miwili ya utumishi. Siku hiyo atastaafu kwa mujibu wa sheria, na kuta za Sumbawanga zitapata nafasi ya kupumua.

Alianza Aprili 1954 akiwa kibarua wa kukanyaga udongo wa matofali. Wakongwe wa kazi wanasema alichukuliwa kwa ajili ya miguu yake, ambayo hadi leo haijapata viatu vya saizi yake dukani. Akawa fundi mwashi, kisha msimamizi, kisha mkaguzi. Cheo kilipanda, baiskeli ikabaki ileile.

Kumwalika Ndugu Kalisti nyumbani ni kujitafutia aibu. Kabla hajaitikia karibu yako atafungua na kufunga mlango wako mara tatu. Mlango ukikwama masika, anakusamehe, maana mbao zimekunywa maji. Ukikwama kiangazi, anakutazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa. Halafu atatoa gololi mfukoni, mtu mzima huyu, na kuiweka sakafuni aone inaelekea wapi. Ikikaa, anakaa na yeye. Ikikimbilia pembeni, chai itapoa hiyo.

Nyufa anazijua kama wengine wanavyowajua wakwe zao. Ufa mwembamba kama uzi, uliolala kwenye lipu tu, haumsumbui. Ufa unaopanda kimshazari kutoka kona ya dirisha, ukiwa mpana juu kuliko chini, humnyima usingizi, kwa sababu kona hiyo inazama. Na akiona nyumba imepakwa chokaa ukuta mmoja tu, huuliza moja kwa moja ni nini kinachofichwa.

Kuna methali moja iliyomkosanisha na Waswahili: usipoziba ufa utajenga ukuta. Anasema methali hiyo imeangusha nyumba nyingi kuliko mvua, kwa kuwa watu huziba ufa wasiuulize umetoka wapi. Yeye hauzibi. Anabandika juu yake kidonge cha saruji chenye upana wa sarafu, anaandika tarehe, anaondoka. Akirudi akikuta kidonge kimepasuka, ufa uko hai na jengo linatembea.

Pale mtaani Mazwi, Mzee Bashiri hajasahau siku sukari ilipoingia dukani kwake. Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Ndugu Kalisti alikuwa nyuma kabisa, akainua macho akaona linta, ile boriti ya juu ya mlango, imepinda, akaenda mbele kuwaambia watu wahame upande wa pili. Walimwona mjanja anayetaka kuruka foleni, akarudishwa nyuma kwa viwiko. Mzee Bashiri peke yake ndiye aliyetazama juu, akaleta gogo la kuegemeza siku hiyohiyo. Sukari iliisha kabla Ndugu Kalisti hajafika dirishani, na alinung'unika kuhusu hilo mwaka mzima.

Lakini jambo kubwa ni la Februari 1976, katika kijiji kimoja cha huku juu ambacho wenyewe wameomba nisikitaje. Ulikuwa wakati wa kuhamia vijijini, nyumba zote zimepangwa kwa kamba kwenye mstari ulionyooka. Zahanati ilijengwa kiangazi, pamoja na wodi ya wazazi. Ufunguzi ulipangwa Jumamosi tarehe 14, mgeni rasmi anatoka wilayani, ng'ombe ameshachaguliwa. Ndugu Kalisti alitumwa Jumanne kwenda kutia saini tu.

Akakuta mlango wa wodi umekwama, lipu mpya kona moja, na gololi yake ikakimbilia kona hiyohiyo mara nne mfululizo. Hakutia saini. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Adolfu, alimweleza kwamba anarudisha taifa nyuma. Hilo lilimpita. Lililomwingia ni la Bertilla, mkunga, ambaye kwa miezi kumi na moja alikuwa akizalisha jikoni kwake, katikati ya mafiga na kuku.

"Kaka Kalisti, kaa na ufa wako," alimwambia. "Mwezi huu na ujao nina wazazi sita. Nikawaweke wapi?"

Alikiri baadaye kwamba hakuna siku aliyoichukia kazi yake kama ile. Akitia saini, wodi ingeweza kuwaangukia wazazi. Akikataa naye amekosea, amewaacha wazalie kwenye moshi kwa sababu ya gololi. Alibandika vidonge vyake sita vya saruji, akaomba hadi Jumamosi. Mvua ilinyesha siku zote tatu za katikati.

Jumamosi asubuhi vidonge vitano vilikuwa vimekatika katikati. Wakati wengine wanachuna ng'ombe, yeye akaazima jembe na kuanza kuchimba kando ya msingi wa jengo la umma, bila kibali. Kufikia kiunoni alitoa udongo mweusi, laini, unaonuka, wenye mabua ya nyasi ndani yake. Akina bibi waliokuwa wakipika wakacheka hadi wakaweka miiko chini. Kila Mfipa anajua nyasi hizo. Huku watu hulima kwa matuta ya mviringo, nyasi zinafukiwa ndani ya tuta zioze ziwe mbolea. Zahanati ilikuwa imesimama juu ya shamba la matuta lililosawazishwa, na nyasi chini yake zilikuwa bado zinaoza na kushuka.

Mgeni rasmi alifika akamkuta mkaguzi shimoni, matope hadi kwenye nyusi.

"Ndugu mgeni rasmi," Kalisti akasema, "utepe ukate. Mlango uuache."

Mgeni alilitazama shimo, akanusa, akakata utepe kwa mkono ulionyooshwa sana, akala, akaondoka. Bertilla akarudi jikoni bila kumuaga mtu. Ukuta ulianguka Jumanne tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi. Bertilla alikuwa jikoni kwake anampokea mtoto wa tatu kati ya wale sita. Wodini alikufa jogoo wa Ndugu Adolfu. Wodi ilijengwa upya hatua ishirini nyuma, nje ya mstari, na imesimama mpaka leo.

Ofisi ilitaka mtu wa kulaumiwa. Taarifa ya Ndugu Kalisti ilikuwa na kurasa tatu, na mahali pa jina la aliyepima kiwanja aliacha nafasi tupu. Wapima tulikuwa watatu, na kwa haraka ya siku zile hakuna aliyeandika nani alipima wapi. Bosi wa wakati ule alimpa la kuchagua: alitaje jina, au ateremke Mtowisa, kwenye joto na mbu. Mwaka ule neno "mhujumu" lilitosha kumfukuzisha mtu kazi. Ndugu Kalisti akafunga mizigo, akateremka bondeni na baiskeli yake, akakaa miaka miwili.

Jina alilijua. Akina bibi walimwambia siku ileile, kandokando ya shimo. Aliyepima ni mimi. Nilikuwa kijana nimetoka Mbeya, na tuta la Kifipa kwangu lilikuwa kilima cha udongo cha kusawazishwa. Bibi mmoja alinijia na jembe begani akaniambia pale ni shamba la nyasi, nikamjibu kwamba mstari ni mstari. Kabla hajaondoka kwenda Mtowisa, Ndugu Kalisti alinikuta nimejificha stoo, akaniambia neno moja tu.

"Ukifika mahali, muulize kwanza mwenye jembe."

Hajaligusa tena jambo hilo, hata kwa utani, na utani anaujua. Nimepima viwanja vingi tangu hapo, na kila mara natanguliza kuuliza. Nimelea watoto wanne kwa kazi ambayo yeye aliilipia kwa joto la bondeni, na miaka minane nimekuwa nikimwamkia shikamoo nikitazama chini.

Asante, Ndugu Kalisti. Wote hapa ofisini tunakuombea uzee mrefu, magoti yenye nguvu, na sukari isiyohitaji foleni. Na kwenye ile nafasi uliyoiacha tupu, andika: Ambakisye Mbonile, Mpima.