Pumzi Kabla ya Filimbi

Treni ya asubuhi ilipoondoka, kijana wa miwani, viti viwili kutoka kwangu, alianza kumweleza mama aliyeketi mbele yake kwamba kazi yake ni kuhakiki gazetini albamu za muziki wa filamu. Mama hakuwa amemuuliza.

"Siku hizi wanazitoa upya, mama, wamejaza vipande vilivyoachwa mwanzoni. Viporo vilivyopashwa moto! Juzi nimehakiki moja. Kipande cha kumi na saba, mpuliza filimbi anavuta pumzi utadhani yuko sikioni mwako. Nimeandika kwamba hicho kingebaki kabatini."

"Anavuta mara mbili," mama alisema. "Ya pili kama anataka kucheka."

"Kumbe unayo!" Kijana alichangamka. Wahakiki hawakutani na wasikilizaji kila siku.

"Ninayo. Ile ya kwanza niliirudisha dukani, maana hakuwemo. Ni mume wangu. Alikuwa akifanya mazoezi jikoni, anavuta hivyo hivyo, nami namgombeza. Huu mwaka wa nne tangu tumzike."

Kijana alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilijua ataomba radhi.

"Pole sana, mama. Lakini kimuziki, bado ni kasoro."

Sikujua kitu.

"Ni kasoro, mwanangu, sikatai. Ila kiporo nacho kina wenyewe. Hiyo filimbi sijawahi kuifikia. Nikishasikia pumzi, narudisha mwanzo."

Kijana alivuta pumzi ndefu ili ajibu, nikaisikia hadi kitini kwangu. Treni ilikuwa imesimama kituoni, na mama ameshashuka.