Garifalia Drosu, Mwombolezaji wa Mabinti Tisa

Mpendwa wetu na mama yangu, Garifalia Drosu, tunayemzika leo Jumanne tarehe 5 Novemba 2019, alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Neroplaya, chini ya mlima Elikona, akiwa mtoto wa kwanza wa mchunga mbuzi Thanasi na mkewe Stamo. Ulikuwa mwaka wa vita, na majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa ya njaa. Alikua kwa mboga za porini na maziwa ya mbuzi, na mpaka uzeeni hakuacha tonge kwenye sahani, yake wala ya mtu mwingine.

Aliingia shule ya kijiji mwaka 1948, akatoka 1952 akiwa darasa la nne, kwa sababu mbuzi hawajichungi. Alichokibeba kutoka shuleni ni majina ya mabinti tisa wa mlima wetu, wale ambao watu wa kale waliwaomba nyimbo na maarifa. Aliyapenda mno hata akawapa mbuzi wake tisa. Padri wa wakati ule alimkuta njiani akiita, "Kalliopi! We Kalliopi, toka kwenye shamba la watu!" Akamkemea: "Binti, huoni haya kuita wanyama majina ya miungu ya kishenzi?" Marehemu akamjibu, "Baba, dada yako naye si Kalliopi? Basi tumbatize upya." Alipigwa fimbo na babu Thanasi siku hiyo, lakini kijiji kilicheka mpaka Pasaka.

Alifanya kazi ya kuchuma pamba katika bonde la Kopaida kwa miaka thelathini na moja. Hiyo ndiyo iliyomlisha. Kazi aliyoitiwa ilikuwa kuombolezea wafu. Mtu akifa, marehemu kwanza alipanda mpaka Kisima cha Baridi, pale ambapo wazee husema farasi alipiga kwato maji yakatoka. Alifanya ishara ya msalaba, akalowesha midomo, akayaita yale majina tisa, kisha akashuka hadi nyumba ya msiba na wimbo ambao hakuwa nao alipokuwa anapanda. Nilimuuliza nikiwa mdogo kama si dhambi. Akasema, "Mungu ndiye mwenye nyumba. Hawa ni mabinti wa jirani tu, wanakuja kunisaidia kazi." Siku walizochelewa alikaa kwenye jiwe akiwasubiri. Hata mvua haikumwondoa.

Tarehe 21 Oktoba 1962 alifunga ndoa na baba yetu, Stathi Drosu, mjenzi wa kuta za mawe, mtu mkimya ambaye alidai kwamba nyumba moja haiwezi kubeba midomo miwili. Walijaliwa watoto wawili, mimi Evanthia na mdogo wangu Lambro. Baba alipofariki mwaka 1998, Mama alimwombolezea kuanzia asubuhi hadi kengele ya jioni, na hakurudia hata neno moja la wimbo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo bado linaniuma. Nilimsihi miaka ishirini aniruhusu niandike nyimbo zake. Nilinunua daftari. Nililetewa hata kinasa sauti. Alikataa katakata. "Wimbo wa maiti ni sanda yake," alisema. "Umeona wapi mtu akivuliwa sanda akavishwa mwingine?" Tuligombana hadi majirani wakafunga madirisha. Nilimwita mbinafsi, na leo mbele ya jeneza lake naomba radhi. Lakini nyimbo zile zote zimekwenda, na hasira yangu haijakwenda.

Ugonjwa wa kusahau ulianza mwaka 2015. Zilipotea funguo, kisha njia ya kanisani, kisha jina langu. Madaktari wa Livadia walisema hakuna dawa. Kufikia 2018 aliniita "dada," kwa adabu, kama anavyoitwa mgeni. Nilihangaika. Mama wa wale mabinti tisa ndiye Kumbukumbu mwenyewe, Mnimosini, na nilipokosa pa kushika nilijiambia: kama yupo, basi huyu ni mtu wake, amrudishe. Mimi mwalimu wa hesabu nilifikia huko.

Tarehe 12 Juni 2018 nikamwambia, "Mama, twende juu kwa Mnimosini." Nyote mnajua jinsi jina hilo lilivyo karibu na mnimosino, ibada ya kumkumbuka marehemu. Akasikia hilo la pili. "Mnimosino ya nani? Mbona hamniambii mapema? Dada, nipe nguo nyeusi!" Sikuweza kumtoa kwenye wazo hilo. Alipanda mlima amevaa nyeusi, akiuliza kila hatua, "Kafa nani?" Kisimani, nimechoka, nikapiga kelele: "Hakuna aliyekufa! Ni mimi, Evanthia!"

Alilishika jina tu. Akaweka kiganja shavuni. "Evanthia? Evanthia wangu?" Akalowesha midomo, akayaita majina yote tisa bila kukosea, akaanza kuniombolezea.

Ua langu Evanthia,
mkate moto mezani,
mbona hutoki chumbani,
nani amekuzuia?

Aliimba kama robo saa. Alikumbuka usiku niliozaliwa, kovu la goti langu, barua niliyomwandikia kutoka chuoni Thiva, wimbo wa kipuuzi niliokuwa nikiwaimbia kuku. Vyote vilikuwapo, na mimi katikati. Mwanzoni nilimvuta mkono, "Niko hapa, Mama, nitazame." Kisha nikaacha. Niliogopa kwamba akiniona hai atanisahau. Nikasimama nikazikwa, kwa sababu ndiyo nafasi pekee niliyopewa ya kuwa mwanawe tena. Alipomaliza akafuta uso, akaniambia, "Pole kwa msiba, dada," akataka kurudi nyumbani. Hakuimba tena.

Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 3 Novemba 2019, saa tano asubuhi, baada ya wiki tatu za homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Ameacha watoto wawili, mimi na Lambro, ambaye bado yuko njiani kutoka Melbourne, wajukuu watatu, na mdogo wake Zoitsa, aliyemlisha kwa kijiko mpaka mwisho.

Jana nilipanda kisimani kumtafutia wimbo. Nililowesha midomo, nikayaita majina, nikakaa juu ya jiwe mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuja mtu. Hakuna hapa anayejua kuomboleza, na siwezi kumwacha mwombolezaji wetu ashuke kaburini kimyakimya. Ninao wimbo mmoja tu, ule wangu. Mama, ulikataza sanda ya maiti mmoja kuvishwa mwingine. Lakini mimi sijafa, Mama. Haijavaliwa. Nitabadilisha jina, na kwa kuwa lako limezidi langu kwa silabi moja, mstari wa kwanza utachechemea.

Udongo umlalie mwepesi, na kumbukumbu yake idumu milele. Wabebaji wa jeneza, ngojeni kidogo. Nikikwama msinisaidie, hakuna mwingine anayeujua.